Umbali wa Ndege na Muda wa Safari Kati ya Miji Miwili ya Mbali: Mwongozo Kamili wa Kujikokotolea Mwenyewe

"Ndege ni ya saa kumi na moja." Ukiambiwa hivyo, umeelewa nini? Huenda ndege inaondoka saa kumi na moja jioni. Huenda itakaa angani saa kumi na moja. Au tiketi imeandikwa 11:00, na aliyeisoma akatamka tarakimu kama alivyoziona, ilhali 11:00 kwetu ni saa tano asubuhi. Anayefika uwanjani jioni kwa tiketi ya namna hiyo ataambiwa ndege yake iliondoka kabla ya adhuhuri.

Wanaokosa ndege au kumwacha mgeni amekaa na mizigo nje ya uwanja hawakushindwa na hesabu ngumu. Walichanganya namba mbili zinazofanana. Safari ya mbali ina namba nne, na kila moja hujibu swali lake: umbali kwa kilomita, muda wa ndege yenyewe, tofauti ya saa kati ya miji miwili, na muda wote tangu ufunge mlango wa nyumbani mpaka ufike unakolala. Tutazitafuta zote nne, moja baada ya nyingine, kwa miji miwili ile ile: Los Angeles na Tokyo. Nimeichagua kwa sababu ina kila kinachosumbua watu. Ni mbali sana, katikati kuna Bahari ya Pasifiki, njia yake inavuka Mstari wa Tarehe wa Kimataifa (mstari wa kubuni katikati ya Pasifiki ambako tarehe hubadilika), na kwenda si sawa na kurudi. Ukiimudu hii, nyingine zote ni nyepesi.

Unachohitaji ni kikokotoo chenye vitufe vya SIN na COS (simu nyingi huvionyesha ukiilaza ubavu) au programu ya lahajedwali (kama Excel), pamoja na karatasi. Ukipata tufe la dunia la kuchezea na kipande cha uzi, vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Jua unapima kutoka wapi hadi wapi

Mji hauna nukta moja. Ukitafuta "umbali wa Los Angeles hadi Tokyo" utapewa majibu yanayopishana kwa makumi ya kilomita, na yote yanaweza kuwa sahihi. Mmoja amepima katikati ya mji hadi katikati ya mji, mwingine uwanja hadi uwanja. Tokyo ina viwanja viwili vikubwa. Haneda uko ndani ya jiji, kandokando ya ghuba. Narita uko karibu kilomita 60 mashariki ya katikati ya jiji. Kwa ndege iliyotoka upande wa pili wa bahari, kilomita 60 si kitu. Kwako wewe uliyetua na mabegi mawili, ni saa nzima au zaidi ya treni.

Kwa hiyo usiandike jina la mji peke yake. Andika alama ya herufi tatu ya uwanja kama ilivyo kwenye tiketi: LAX kwa Los Angeles, HND kwa Haneda, NRT kwa Narita. London ina viwanja zaidi ya vitano, na mtu aliyekata tiketi ya kufikia kimoja na kuondokea kingine hugundua siku ile ile ya safari kwamba lazima avuke jiji zima.

Kisha tafuta mahali pa kila uwanja kwa latitudo na longitudo. Programu yoyote ya ramani hutoa namba hizo ukibonyeza na kushikilia kidole juu ya uwanja.

LAX: latitudo 33.94 kaskazini, longitudo 118.41 magharibi.
HND: latitudo 35.55 kaskazini, longitudo 139.78 mashariki.

Kaskazini na mashariki huandikwa bila alama. Kusini na magharibi huwekewa alama ya kutoa. Hivyo longitudo ya LAX inakuwa −118.41. Ukiisahau alama hiyo, hesabu itafuata mpaka mwisho bila kulalamika na kukupeleka kwingine kabisa. Kama chanzo chako kimeandika nyuzi na dakika (vipimo vya pembe, si vya saa), kwa mfano nyuzi 33 na dakika 56, gawanya dakika kwa 60 kisha jumlisha: 56 ÷ 60 = 0.93, jumla 33.93.

Hatua ya 2: Weka uzi juu ya tufe

Kabla ya kugusa kikokotoo, fanya jambo hili dogo. Shika ncha ya uzi kwa kidole juu ya Los Angeles, vuta ncha nyingine hadi Tokyo, kaza. Miji hii miwili iko karibu kwenye latitudo moja, kwa hiyo kwenye ramani ya ukutani ungesema ndege inakwenda moja kwa moja magharibi. Uzi unakataa. Ukikazwa unateleza wenyewe kuelekea kaskazini, unapanda hadi karibu latitudo ya 48, unapita chini kidogo ya visiwa vya Aleuti, kisha unashuka kwenda Japani.

Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya kitu cha mviringo. Ukifuata latitudo moja kwa moja magharibi kama ramani bapa inavyokudanganya, utasafiri karibu kilomita 9,300. Ukifuata uzi, ni kama 8,800. Kilomita 500 zimepatikana bure kwa kupinda, na kwa ndege kubwa hizo ni zaidi ya nusu saa na tani kadhaa za mafuta. Wakati mwingine utakapoona kwenye skrini ya kiti ndege yako imechora upinde mkubwa kuelekea ncha ya dunia, usidhani rubani anazunguka. Yeye amenyoosha, ramani ndiyo iliyopinda.

Hatua ya 3: Kokotoa umbali

Kwanza pata tofauti ya longitudo. 139.78 toa −118.41 ni 258.19. Namba hiyo imezidi 180, maana yake umezunguka dunia kwa upande mrefu. Itoe kwenye 360: unabaki na 101.81. Huo ndio upande mfupi, unaopita Pasifiki.

Sasa hesabu yenyewe, kwa maneno: zidisha SIN ya latitudo ya kwanza kwa SIN ya latitudo ya pili. Weka pembeni. Zidisha COS ya latitudo ya kwanza kwa COS ya latitudo ya pili, kisha kwa COS ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu mawili. Mwisho bonyeza COS ya kinyume (kitufe cha COS chenye −1 ndogo juu yake) upate pembe.

Kwa namba zetu:

SIN 33.94 × SIN 35.55 = 0.5583 × 0.5814 = 0.3246
COS 33.94 × COS 35.55 × COS 101.81 = 0.8296 × 0.8136 × (−0.2047) = −0.1381
Jumla = 0.1865
Pembe = nyuzi 79.25

Pembe hiyo ni ile ambayo ungeiona kama ungesimama katikati kabisa ya dunia, mkono mmoja umeelekeza Los Angeles na mwingine Tokyo. Kuigeuza kilomita, zidisha kwa 111.19, ambayo ni urefu wa nyuzi moja juu ya uso wa dunia yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Jibu ni kilomita 8,812 hivi.

Mabaharia walikuwa na njia nzuri zaidi, nayo bado ndiyo ya marubani. Nyuzi moja ina dakika 60, na maili ya baharini ilitungwa ilingane na dakika moja ya mzingo wa dunia. Basi 79.25 × 60 = maili 4,755 za baharini. Leo maili hiyo imewekwa kuwa mita 1,852 kamili. Na mwendo wa noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, ndiyo maana rubani akitangaza "noti 480" anamaanisha kilomita 889 kwa saa.

Wenye lahajedwali waweke latitudo kwenye B1 na B2, longitudo kwenye C1 na C2, kisha:

=ACOS(SIN(RADIANS(B1))*SIN(RADIANS(B2))+COS(RADIANS(B1))*COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(C2-C1)))*6371

Hapo huhitaji hata kutoa kwenye 360, kwa kuwa COS ya 258.19 na COS ya 101.81 ni namba moja. Lakini usiache neno RADIANS. Lahajedwali haijui nyuzi, na bila neno hilo itakupa umbali wa ajabu bila aibu yoyote.

Hakiki jibu lako kwa vitu viwili. Kwanza, hakuna miji miwili duniani iliyo mbali zaidi ya kilomita 20,000 na kidogo, kwa sababu huo ni nusu ya mzingo wa dunia. Ukipata 23,000, kuna mahali umekosea. Pili, linganisha na uzi wako. Ukitumia vikokotoo vya mtandaoni utaona vinasema karibu 8,830 badala ya 8,812. Wote wako sahihi. Dunia imebonyea kidogo: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378 na kuelekea ncha ni 6,357. Vikokotoo vikubwa huhesabu huo ubonyeo. Sisi tumeichukua kama mpira kamili. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwa kupanga safari, achana nayo.

Angalia pia kipimo. Tovuti nyingi huandika "miles", nazo ni maili za barabarani za kilomita 1.609. Maili 5,480 za barabarani na maili 4,755 za baharini ni umbali ule ule.

Hatua ya 4: Kubali kwamba ndege haifuati uzi

Umbali uliokokotoa ndio mdogo kabisa unaowezekana. Ndege halisi huongeza, mara nyingi asilimia mbili hadi tano, kwa kuwa hupaa kwa kufuata upepo wa uwanja, hupita kwenye njia zilizopangwa, hukwepa mawingu ya radi na maeneo ya jeshi, kisha huzungushwa kabla ya kutua.

Kuna sababu kubwa zaidi ambazo hazimo kwenye hesabu yoyote, na hapa ndipo watu huachwa na vitabu vya zamani. Helsinki hadi Tokyo ni karibu kilomita 7,800, na uzi wake unapita Urusi karibu njia nzima. Kwa miaka mingi safari hiyo ilichukua kama saa tisa na nusu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, anga ya Urusi ikafungwa kwa mashirika ya Ulaya, na ndege za Helsinki zikalazimika kuzunguka: ama kaskazini juu ya ncha ya dunia na kushukia upande wa Alaska, ama kusini kupitia Asia ya Kati. Safari ikawa ya saa kumi na tatu hivi. Miji haikusogea hata mita moja. Kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa muda wa safari kati ya Ulaya na Asia Mashariki, tazama kwanza umeandikwa mwaka gani.

Milima nayo ina neno lake. Nyanda za juu za Tibet ziko zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani hutakiwa kushuka haraka hadi karibu mita 3,000 ambako watu wanaweza kupumua bila msaada. Juu ya Tibet hakuna mita 3,000 ya kushukia, kuna mwamba. Njia nyingi hupita pembeni.

Na kwa ndege za injini mbili, njia lazima ibaki ndani ya muda fulani kutoka uwanja wa dharura, kwa hesabu ya injini moja ikizimika. Zamani kipimo kilikuwa dakika 60. Mwaka 1985 zikaanza kuruhusiwa dakika 120 kuvuka Atlantiki, na baadaye 180 na zaidi. Ndiyo sababu leo bahari kuu zinavukwa na ndege za injini mbili karibu kwa njia ya uzi, jambo ambalo hapo awali liliachiwa zenye injini tatu au nne.

Hatua ya 5: Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za masafa marefu hukimbia karibu asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Kwenye kimo cha baridi cha mita 10,000 hadi 12,000, huo ni kama kilomita 900 kwa saa. Lakini ukigawanya 8,812 kwa 900 utapata jibu fupi mno, kwa sababu ndege haianzi safari ikiwa na kasi hiyo. Inasukumwa kutoka kwenye geti, inatambaa hadi njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda kwa karibu nusu saa, na mwisho wa safari inarudia yote kinyume. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanzia ndege inapoondoka getini mpaka inaposimama getini.

Kanuni ninayoitumia ni hii: gawanya umbali kwa 850, kisha ongeza dakika 45. Hiyo 850 tayari imebeba mizunguko ya njiani.

8,812 ÷ 850 = 10.37, yaani saa 10 na dakika 22. Ongeza 45: saa 11 na dakika 7.

Ijaribu kwenye safari inayojulikana. Singapore hadi New York, mojawapo ya safari ndefu zaidi za moja kwa moja duniani, ni kilomita 15,300 na ushei. Gawanya, ongeza, unapata saa 18 na dakika 45 au 50. Ratiba yake husema saa 18 na dakika 40 hivi. Kanuni rahisi kiasi hicho ikikaribia namna hiyo, inatosha.

Upepo: kwenda si kurudi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye ladha ya jambo lote.

Saa 11 na dakika 7 ni muda wa dunia isiyo na upepo. Katika latitudo za kati, kusini na kaskazini, huko juu zinakopita ndege kuna mito ya upepo inayotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi kasi yake inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Mjapani Wasaburo Oishi aliipima miaka ya 1920 kwa kurusha baluni na kuzifuata kwa darubini, akachapisha matokeo mwaka 1926 kwa Kiesperanto, akitumaini dunia nzima itamsoma. Wachache walimsoma. Marubani wa vita waliokwenda Japani miaka ya 1940 waliugundua upepo ule upya kwa kujikuta hawasogei mbele.

Mabaharia wetu waliuita upepo wa usoni upepo wa omo, na ule wa nyuma upepo wa tezi. Ndege ya Los Angeles kwenda Tokyo inakwenda magharibi, kwa hiyo inapokea omo njia nzima. Ya kurudi inasukumwa na tezi. Kwa safari ndefu za mashariki na magharibi katika latitudo hizi, chukua muda wako wa kati, ongeza asilimia 8 ukielekea magharibi, punguza asilimia 8 ukielekea mashariki.

Asilimia 8 ya saa 11 na dakika 7 ni dakika 53. Kwenda Tokyo: saa 12. Kurudi: saa 10 na dakika 14. Ratiba hucheza jirani na hapo, kama saa 11 na dakika 45 kwenda na saa 10 kurudi, zikipanda na kushuka kwa majira. Wakati wa kiangazi cha kaskazini tofauti hupungua, wakati wa baridi huzidi. Safari za kaskazini na kusini, na zile zinazobaki karibu na ikweta, hazihitaji marekebisho makubwa.

Siku upepo ukishika kweli, maajabu hutokea. Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ilipokuwa ikivuka Atlantiki, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo ratiba huipa karibu saa saba. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, na hata hivyo haikuvunja mwendo wa sauti, kwa sababu ndani ya ule mto wa upepo ilikuwa ikiruka kwa kasi yake ya kawaida tu.

Na usidhani unachopoteza kwenda unakirudisha chote kurudi. Chukua kilomita 9,000 na ndege ya 900 kwa saa. Bila upepo ni saa 10 kwenda na 10 kurudi, jumla 20. Weka upepo wa 100. Kwenda unasafiri kwa 800: saa 11 na robo. Kurudi kwa 1,000: saa 9. Jumla saa 20 na robo. Dakika 15 zimekwenda na upepo, kwa kuwa umekaa ndani ya omo muda mrefu kuliko ulivyokaa ndani ya tezi.

Hatua ya 6: Saa za ukutani na tarehe

Saa zote za kuondoka na kufika kwenye tiketi ni za mahali husika. Kuondoka ni saa ya Los Angeles, kufika ni saa ya Tokyo. Ukitoa moja kwa nyingine moja kwa moja unapata upuuzi. Pitia UTC kila mara (saa ya pamoja ya dunia, ambayo saa za kila mahali huhesabiwa mbele au nyuma yake), hata kama unajiona mjuzi.

Los Angeles iko nyuma ya UTC kwa saa 8 wakati wa baridi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wanasogeza saa mbele, wanakuwa nyuma kwa saa 7. Tokyo iko mbele kwa saa 9 mwaka mzima. Japani haisogezi saa. Kwa hiyo tofauti ya miji hii ni saa 17 Januari na saa 16 Julai. Tazama kila mji peke yake, kwa tarehe yako ya safari. Na si kila mahali ni saa kamili: India iko mbele kwa saa 5 na nusu, Nepal kwa saa 5 na dakika 45.

Tuseme unaondoka Jumatatu ya Januari saa 11:00.

11:00 Los Angeles + 8 = 19:00 UTC, Jumatatu
19:00 + saa 11 na dakika 45 = 06:45 UTC, Jumanne
06:45 + 9 = 15:45 Tokyo, Jumanne

Kwa Kiswahili: umepaa Jumatatu saa tano asubuhi, umetua Jumanne saa kumi kasorobo alasiri. Kwenye tiketi utaona 15:45 ikiwa na +1 ndogo pembeni. Alama hiyo ndogo ndiyo siku yako ya hoteli. Ukikata chumba cha Jumatatu utakuwa umelipia kitanda ukiwa juu ya bahari.

Sasa 24 hadi kwetu. Toa 6 kwa saa za kuanzia 07:00 hadi 18:00. 11:00 ni saa tano, 17:00 ni saa kumi na moja. Kuanzia 19:00 toa 18. 22:00 ni saa nne usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:00 jumlisha 6. 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri.

Hatari iliyobaki ni saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, ndege inaondoka saa sita na nusu usiku, na ukimwambia mtu "usiku wa Jumanne" mmoja ataelewa usiku unaofuata mchana wa Jumanne, na mwingine, anayehesabu siku kuanzia magharibi, ataelewa usiku uliotangulia. Huyu wa pili ndiye atakayeiwahi. Lugha yetu ina dawa yake tayari: sema usiku wa kuamkia Jumanne. Maana yake uko uwanjani Jumatatu jioni, mizigo imeshapimwa, kabla tarehe haijageuka. Ningependa tiketi zote ziandikwe hivyo.

Hatua ya 7: Kama unaunganisha ndege

Si kila miji miwili ina ndege ya moja kwa moja. London hadi Sydney ni karibu kilomita 17,000, na wengi hupumzikia njiani. Kituo cha kati kizuri ni kile kinachokaa karibu na uzi. Jumlisha vipande viwili ulinganishe:

Kupitia Singapore: 10,900 + 6,300 = 17,200
Kupitia Dubai: 5,500 + 12,000 = 17,500
Kupitia Los Angeles: 8,800 + 12,050 = 20,850

Singapore inaongeza asilimia moja tu. Los Angeles inaongeza zaidi ya asilimia 20, sawa na saa nne na nusu za kuruka. Tiketi ya bei ya chini ikikupitisha upande wa pili wa dunia, ujue unachokilipa kwa mwili wako.

Kokotoa kila kipande peke yake kwa kanuni ile ile, kisha ongeza muda wa kusubiri chini. Tiketi moja yenye vipande viwili hukulinda: ukichelewa kipande cha kwanza, shirika linawajibika kukutafutia kingine. Tiketi mbili ulizokata mbalimbali hazikulindi. Unatoka, unachukua mizigo, pengine unahitaji viza, unajiandikisha upya. Kwa namna hiyo, chini ya saa nne za kusubiri sithubutu, na kama kuna kubadilisha uwanja, ningelala.

Hatua ya 8: Mlango hadi mlango

Saa 11 na dakika 45 za kwenda Tokyo si safari yako. Weka saa 1 ya kwenda uwanjani, saa 3 za kuwahi, saa 1 ya uhamiaji na mizigo, dakika 45 za kuingia mjini kutoka Haneda. Jumla saa 17 na nusu. Ukitua Narita, ongeza tena. Hii ndiyo namba ya kumpa anayemwacha mtoto nyumbani, anayepanga dozi za dawa, au anayetaka mkutano siku ya kufika.

Safari ya kurudi huwashangaza wengi. Unaondoka Haneda Jumanne 17:00. Toa 9: ni 08:00 UTC. Ongeza saa 10: 18:00 UTC. Toa 8: ni 10:00 Los Angeles, Jumanne ile ile. Umefika saa saba kabla ya saa uliyoondoka, kwa kuwa umevuka Mstari wa Tarehe kuelekea mashariki na kuirudisha siku. Atakayekupokea akisikia "naondoka Jumanne jioni" atakusubiri Jumatano. Kwa hiyo mwandikie saa za pande zote mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, na neno "masaa" kwa muda, hata kama walimu wa lugha watakunja uso, maana hapa linaondoa utata:

"Naondoka Tokyo, Haneda, Jumanne 17:00, yaani saa kumi na moja jioni ya huku. Njiani ni masaa kumi. Natua Los Angeles Jumanne hiyo hiyo 10:00, saa nne asubuhi ya kwenu. Nitatoka nje na mizigo karibu saa tano."